Fundi amepima leza ya wati 80 akapata wati 3, je tyubu imekufa?

Swali: Habari injinia. Niko Kariobangi, nina mashine ya CO2 ya wati 80, nakata akriliki na MDF. Zamani akriliki ya milimita 6 ilikuwa inapita mara moja, siku hizi mpaka nirudie. Fundi amekuja na kamita ka mkononi, kakasoma wati 3, akasema tyubu inayotoa mwale imekufa ninunue ingine. Nitafute mita gani nihakikishe?

Jibu: Wati 3 na bado inamaliza milimita 6 ukirudia mara moja tu? Haiwezekani, usinunue tyubu bado.

Shida ni hako kamita. Hizo za bei rahisi ndani huwa na fotodayodi ya silikoni, yaani sensa ya mwanga, inaona mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 400 hivi mpaka 1100. CO2 inatoa 10,600. Hapo sensa ni kipofu, na hata kakioo ka mbele yake kanameza mwale kabla ufike. Sasa hizo 3 zilitoka wapi, pengine ni taa za duka, pengine ni mwanga wa kitu kilichokuwa kinaungua hapo karibu. Na hii ndio inanichosha kila siku, watu wanaona namba kwa skrini wanadhani kitu kimepimwa, na mwenye mashine analipia tyubu mpya huku ile nzuri inatolewa inatupwa.

Tafuta thamopaili, inabadilisha mwale kuwa joto halafu inapima hilo joto. Ni ya polepole, ngoja sekunde kadhaa namba itulie. Usiangalie tu wati zilizoandikwa kwa boksi, uliza inavumilia wati ngapi kwa sentimita mraba, maana mwale wa milimita 5 wenye wati 80 ni kama 400, katikati karibu mara mbili ya hapo, na kwa fokasi, pale lenzi inakusanya mwale kuwa milimita 0.2, ni zaidi ya laki mbili na nusu, utatoboa sensa ya pesa mingi mara moja. Pima pale tyubu inatoka, kisha baada ya kila kioo, mwisho chini ya lenzi lakini mbali na fokasi, miliampia za umeme wa tyubu na joto la maji yanayoipoza zikiwa zile zile kila mara. Ukipata 75 kwa tyubu na 50 chini, safisha vioo na lenzi, upange mwale upya.

Wati zikiwa sawa na bado inakata vibaya, angalia umbo la mwale. M², namba ya ubora wa mwale ambapo 1 ndio bora kabisa, ikipanda mara mbili, doa la mwale kwa fokasi linapanuka mara mbili na nguvu kwa eneo inabaki robo. Kamera ya kawaida haitakusaidia, nayo ni silikoni. Toa lenzi, choma kipande kinene cha akriliki kidogo tu, feni ikivuta moshi. Shimo liwe duara lenye ncha moja katikati, ukiona pete ama ncha mbili hapo sasa tuongee tyubu.

Fundi yeyote akija na mita muulize inasoma nanomita gani. Akikujibu "inasoma leza zote", mpe chai aende. Wengi wao ndio hao hao wanafunga swichi ya mlango na waya mashine iwake ikiwa wazi, halafu wanakuuzia miwani moja ya kila leza. Plastiki safi ya polikaboneti inazuia CO2, lakini leza ya faiba ya 1064 inapita hapo moja kwa moja mpaka kwa jicho na huioni. Kama miwani haijaandikwa nanomita popote, hiyo ni ya bodaboda.