Jibu: Mtoto kutolewa darasani kwa kukosa vifaa

Habari ndugu. Umeuliza kama ni haki mwanao kusimamishwa nje kwa kukosa bikari na rula. Kwanza mhoji taratibu: alisahau, alipoteza, au hakununuliwa? Mimi nafundisha hesabu. Aliyesahau kila mara nampa kazi ya ziada, sioni ubaya. Asiyenunuliwa namwazimisha vya darasani, maana mwenye kununua ni mzazi, na huko nje somo linampita (adhabu ya ajabu kweli). Mwone mwalimu wa somo kabla ya mkuu, mtoto asiwepo. Akishikilia msimamo, mtajie Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28: nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Kanuni za shule yenu sizijui, ziombe kwa maandishi.