Maswali ya Wasomaji: Soko la San Diego na Mtoto wa Selimundu

Habari tuliyochapisha kuhusu kongamano la kimataifa la bayoteknolojia, lililofanyika San Diego, Marekani, tarehe 3 hadi 6 Juni 2024, imetuletea barua nyingi. Tunajibu tatu, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa makusudi.

SWALI: Mhariri, nina mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu. Mliandika kwamba kongamanoni zilizungumzwa tiba za jeni. Je, watu hao hukutana ili kuwatafutia tiba watoto kama wangu? Na sisi tutaipata? (Mama, Mwanza)

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, mama. Neno “kongamano” humfanya mtu awazie madaktari wakilinganisha matokeo ya uchunguzi wao, lakini mkutano huu, unaoandaliwa kila mwaka na chama cha kampuni za bayoteknolojia kiitwacho BIO, kwa hakika ni soko. Watu karibu 20,000 hukusanyika. Mihadhara ipo, ila shughuli yenyewe hufanyika katika vibanda vidogo, ambamo kampuni changa yenye dawa ambayo bado haijakamilika hukaa na kampuni kubwa kwa takriban nusu saa, wakazungumzia malipo ya awali, malipo ya kila hatua ya majaribio itakayovukwa, na mrabaha wa mauzo. Hilo si la kulaumiwa, kwa kuwa majaribio ya dawa hula fedha nyingi mno; lakini ujue kwamba mgonjwa huingia katika mazungumzo hayo pale tu anapokuwepo wa kumlipia.

Tiba uliyoisikia ni Casgevy, ya kampuni za Vertex na CRISPR Therapeutics, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Huenda wewe mwenyewe uliona kwamba mwanao alikuwa mzima miezi yake ya mwanzo. Wakati huo alikuwa bado na himoglobini (kinachobeba oksijeni katika damu) aliyotoka nayo tumboni, ambayo haipindishi chembe za damu. Baadaye mwili huacha kuitengeneza, na hapo maumivu huanza. Katika tiba hii, seli za uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) za mgonjwa hutolewa, zikakatwa mahali padogo kwenye jeni iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo huizima himoglobini ile ya utotoni, kisha zikarudishwa mwilini ili ianze kutengenezwa tena. Kabla ya kurudishwa, uloto uliobaki huuawa kwa dawa kali ya aina ya zile za saratani, mgonjwa hulazwa kwa wiki kadhaa, na uwezo wake wa kuzaa unaweza kudhurika. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, bila kuhesabu gharama za hospitali, na ilipoidhinishwa iliruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi.

Kwa hiyo, mama, usiahirishe matibabu yaliyopo kwa kuisubiri. Muulize daktari wa mwanao kuhusu haidroksiurea, dawa ya kumeza ambayo nayo huiongeza himoglobini ile ile ya utotoni, bila kugusa jeni. Utafiti uitwao REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache zaidi, maambukizi machache zaidi ya malaria, na vifo vilipungua. Vilevile Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ingawa anatakiwa ndugu ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa. Dawa hiyo ya kumeza haikuvuta umati San Diego, na ninasikitika kulisema hilo, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumfaa mwanao mwezi huu.

SWALI: Nimesikia kwamba kampuni kubwa za Kichina hazikuonekana kongamanoni mwaka huo. Siasa zimeingiaje katika dawa? (Mfamasia, Mombasa)

JIBU: Zilizokosekana ni za kundi la WuXi, ambazo hutafiti na kutengeneza dawa kwa niaba ya wengine. Muswada uitwao BIOSECURE, uliowasilishwa katika Bunge la Marekani mapema 2024, ulilenga kuzuia fedha za serikali kwenda kwa kampuni zinazotumia huduma za baadhi ya kampuni za China, WuXi AppTec ikiwa mojawapo. BIO iliunga mkono muswada huo mwezi Machi, na WuXi AppTec ikajitoa katika uanachama. Hata hivyo, BIO ilipozihoji kampuni 124, asilimia 79 zilikuwa na angalau mkataba mmoja na watengenezaji wa China, na zikakadiria kwamba kuhama kungeweza kuchukua hadi miaka minane. Wewe unayeagiza dawa kupitia bandari unajua maana ya kutegemea mlango mmoja.

SWALI: Je, ingefaa nchi zetu zipeleke ujumbe huko? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ingefaa, ikiwa hauendi kutazama tu. John Crowley, anayeiongoza BIO tangu Machi 2024, aliingia katika fani hii akiwa baba wa watoto wawili wenye ugonjwa wa Pompe, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ulio nadra sana. Aliongoza kampuni changa iliyotafuta tiba ya ugonjwa huo, ikauzwa kwa kampuni kubwa ya Genzyme mwaka 2001, na watoto wake wakapata tiba ya kimeng'enya, yaani kuongezewa protini ambayo miili yao ilikosa. Tanzania pekee inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ikiwa Pompe, wenye wagonjwa wachache, ulipata mwekezaji, basi wingi wa wagonjwa sio unaomvuta. Humvuta uhakika wa kulipwa. Ujumbe wetu ubebe kile ambacho wawekezaji hawanacho, yaani madaftari ya wagonjwa yaliyotunzwa vizuri na vituo vilivyozoea majaribio kama Kilifi na Mbale, na usikubali jaribio lolote lianze hapa kabla ya mkataba kutaja bei ambayo dawa hiyo itauzwa hapa.