Bamvua Mbili za Kuuliza, ya Tatu Jenga

Waulize wakulima wa mwani wa Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, shida yao nini, watakwambia bei. Hapo ndipo miradi mingi ya kijamii inapopotea: mmoja anakimbilia kununua mashine, mwengine anarudi mjini kuandaa dodoso la kurasa 20. Wote wawili bado hawajui bei iko chini kwa nini.

Jiwekee mpaka. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na ndizo siku maji yanapopwa mbali, kinamama wamo shambani. Tumia bamvua mbili kuuliza. Usiulize "Mnahitaji nini?" Uliza mzigo wa mwisho ulikuwa kilo ngapi, ulianikwa wapi, nani aliupima, ulilipwa kiasi gani. Chukua konzi ya mwani mkavu, ukung'ute juu ya karatasi nyeupe, utazame mchanga unaodondoka. Kisha mwendee mnunuzi. Hapa wengi hupasahau.

Tuseme umefikiria chanja: wavu chakavu uliowambwa juu ya nguzo za mvinje. Wazo zuri, mwani unapata upepo juu na chini, na haugusi mchanga. Lakini mnunuzi akiwa analipa bei moja, safi au mchafu, basi mchanga nao ni uzito, na aliyeanika chanjani ataondoka na fedha kidogo kuliko jirani yake. Chanja itaishia kuwa kuni, na watu watasema kinamama wagumu kubadilika. Si wagumu, wanajua hesabu! Muulize mnunuzi mapema: kilo isiyo na mchanga utaiongezea shilingi ngapi? Akisema haongezi hata moja, acha chanja, kashughulikie soko au sabuni ya mwani.

Akikubali kuongeza, bamvua ya tatu jenga, hata kama maswali hayajesha. Chanja moja tu, mita 2 kwa 4, kimo cha kiuno ili mtu asiiname. Anika kilo 50 za mwani mbichi hapo, na kilo 50 za shamba lilelile juu ya makuti. Kila upande utarajie kilo 5 hadi 7 kavu. Turubai liwe karibu, maana maji ya mvua huosha chumvi na kuupausha mwani. Andika siku za kukauka, uzito, na fedha iliyoingia mkononi. Daftari likae kwa katibu wa kikundi, si kwako.