Maswali ya mafundi: bei, malipo na kupanua kazi

Wengi walioandika safari hii wana kazi tele na mfuko mtupu. Tumeanza na bei, maana mengine yote yanatokea hapo.

Natandika tailizi kwa 8,000 kwa mita ya mraba kama wenzangu wote. Kazi sikosi, lakini mwisho wa mwezi sina kitu. Nakosea wapi? (Fundi tailizi, Chanika)

Chukua nyumba yenye sakafu ya mita za mraba 60. Tuseme fundi na saidia wake wanatandika mita 12 kwa siku: hizo ni siku 5, na siku moja ya kujaza grauti kwenye mianya ya tailizi na kusafisha. Fundi 40,000, saidia 20,000, kwa siku 6 inafika 360,000. Usafiri weka 40,000. Mteja anakulipa 480,000, unabaki na 80,000 mkononi na unaiona faida.

Bado hujalipia stoo, vocha, diski za mashine ya kukatia, matengenezo, wala nauli za kwenda kupima kazi ambazo hukupewa. Jumlisha vyote hivyo kwa mwezi, kisha ugawe kwa siku ambazo kweli ulikuwa saiti. Vikifika 600,000 na siku zikawa 20, kila siku ya kazi inabeba 30,000. Kwa siku 6 ni 180,000, na gharama halisi ya kazi ile ni 580,000. Umemlipia mteja 100,000 kutoka mfukoni mwako.

Hasara hiyo haionekani kwa sababu fundi mwenyewe ndiye anayetandika, na ile 40,000 yake ya siku inaziba pengo. Hiyo ni posho yako ya kazi ya mikono, iandike pembeni kabisa na faida. Siku utakayomweka mtu mwingine atandike badala yako, pengo litajitokeza lote.

Ukitaka faida ya asilimia 20 ya bei, gawa gharama kwa 0.8. Hapa unapata 725,000, yaani kama 12,100 kwa mita. Wengi huzidisha kwa 1.2 na kupata 696,000. Faida hapo ni 116,000, chini kidogo ya asilimia 17. Kwa kazi za mwaka mzima tofauti hiyo ni fedha nyingi.

Najua utauliza nani atalipa 12,100 mtaa ukiwa kwenye 8,000. Acha kubeba bure kazi zilizojificha ndani ya bei ya mita. Kung'oa tailizi za zamani, skatingi (tailizi za chini ya ukuta), kukata pembe za digrii 45 na kusawazisha sakafu, kila moja iwe na mstari wake kwenye makadirio. Unapokwenda kupima, beba rula ndefu ya mita 2 uilaze sakafuni sehemu kadhaa. Ukiona uwazi unaozidi milimita 5, andika kusawazisha kama kazi inayolipiwa. Anayeficha bonde kwa kurundika gundi anamaliza gundi yake, gundi nene inasinyaa ikikauka, na baada ya miezi michache tailizi inalia tupu ukiigonga. Kurudia hapo ni kwako.

Nikishamaliza, mteja ananizungusha na salio. Nifanyeje? (Fundi bomba, Morogoro)

Gawa malipo kwa hatua ambazo mteja anaziona kwa macho, na salio la mwisho liwe dogo kuliko faida yako. Kwa kazi ya bomba ya nyumba nzima: asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 mabomba ya ukutani yakishapimwa presha, 20 vyombo vikishafungwa, 10 siku ya kukabidhi. Hatua isipolipwa, hatua inayofuata haianzi. Hilo liwe kwenye karatasi mliyosaini tangu siku ya kwanza, msije kulizungumza mkiwa mmeshakasirika.

Kipimo cha presha ni mlinzi wako, usikiruke. Kabla ya plasta, ziba ncha zote, jaza maji ukitoa hewa, panda hadi bar 10 kwa pampu ya mkono. Mabomba ya PPR (ya plastiki) hutanuka kidogo mwanzoni, kwa hiyo presha itashuka bila kuwepo uvujaji: subiri nusu saa, irudishe bar 10, ndipo uanze kuhesabu saa moja. Piga picha ya geji mwanzo na mwisho, na mteja au msimamizi wake asaini. Mtu wa makabati akija kutoboa bomba kwa drili mwezi unaofuata, una cha kuonyesha.

Tunapaka rangi. Wateja huongeza "kaukuta kadogo" katikati ya kazi, na mwisho wanasema kalikuwa kwenye bei ya mwanzo. (Dada wawili, Arusha)

Makubaliano ya mdomo ya saiti hayana shahidi. Kabla hamjachovya brashi, tumeni ujumbe wa simu wenye vitu vinne: kazi, kipimo, bei, siku. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Kama tulivyoongea leo: uzio upande wa barabara, mita 30 kwa 2.4, upande mmoja, praima mkono 1 na rangi mikono 2. Mita za mraba 72 kwa 7,000 ni 504,000, rangi ikiwemo. Kazi itaongezeka siku 3. Naomba unijibu NDIYO tuanze kesho."

Jibu lisipokuja, endeleeni na kazi ya awali. Na siku mtazihesabu: mteja anayeongeza kazi bila kuongeza muda ndiye atakayelalamika kwamba mmechelewa.

Angalizo kwenye uzio huo: lita moja hupaka mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja pale ukuta ukiwa laini. Plasta ya kuparuza hunywa zaidi, wakati mwingine mita 6 au 7 tu kwa lita. Msikadirie uzio kwa hesabu ya chumba kilicholainishwa kwa skimu.

Nimepata kazi tatu za milioni 10 kila moja kwa mpigo. Nizichukue zote? (Fundi aluminiamu, Mwanza)

Tuanze na moja. Umelipwa milioni 3 za kuanza, 3 katikati, na 4 zitakuja siku 30 baada ya kukabidhi. Gharama zako ni milioni 8. Siku unayokabidhi umetumia 8 na kupokea 6, kwa hiyo milioni 2 ni zako au za mkopo. Kazi tatu kwa pamoja zinahitaji milioni 6 zilale nje mwezi mzima, huku kila moja ikiwa na faida kwenye daftari. Hivi ndivyo mafundi wazuri wanavyofilisika wakiwa na kazi mkononi: wanachukua malipo ya kuanzia ya mteja wa tatu kununua profaili (vipande virefu vya aluminiamu vya fremu) za mteja wa kwanza, na mteja wa tatu akiuliza madirisha yake, hakuna kitu.

Omba malipo ya kuanzia yanayotosha profaili na vioo vyote, au mteja alipe dukani moja kwa moja. Fedha ya kila kazi ikae kwenye laini au akaunti yake. Kama huwezi kupata masharti hayo, chukua mbili na umpe wa tatu tarehe ya kweli. Pia jiulize nani atapima matundu ya madirisha kwenye saiti ambayo wewe hupo. Kioo kilichokatwa kwa kipimo kibovu hakirekebishiki. Kila tundu lipimwe upana sehemu tatu na kimo sehemu tatu, kichukuliwe kipimo kidogo zaidi, na mtu wa pili ahakiki kabla ya kukata.

Nawalipa vijana kwa pointi, yaani kwa kila taa, swichi au soketi. Wanakwenda haraka, lakini narudi kurekebisha. (Fundi umeme, Dodoma)

Malipo ya pointi yanazaa mbio, na mbio zinazaa waya uliounganishwa nje ya boksi na soketi isiyo na ethi. Lipa asilimia 70 pointi zikikamilika, na 30 baada ya kupima. Kwa mashine ya mega (ya kupima kama umeme unavuja kwenye nyaya), volti 500, usomaji usiwe chini ya megaohmu 1, na ethi ipimwe soketi moja moja. Marekebisho wayafanye waliofunga, bila malipo mapya. Utashangaa jinsi kasi itakavyopungua na ubora kupanda.

Wale ambao sasa wako nawe kila siku waandikie mikataba ya ajira. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, angalau nusu yake ikitoka kwako, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5, yote ikitoka kwako. Iingize kwenye zile gharama za mwezi tulizozitaja juu, la sivyo bei yako imeshapitwa.

Nianze na usajili gani? (Fundi ujenzi, Kahama)

TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, jina la biashara au kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha leseni ya biashara. Ukibaki na jina la biashara, madeni ya kazi ni yako binafsi. Kampuni inakutenganisha nayo kwa kiasi kikubwa. Kufanya kazi kama mkandarasi kunahitaji usajili wa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi: majengo yana madaraja saba, la saba likiwa la kuanzia, na wakandarasi maalumu wana matatu. Wa umeme wanahitaji pia leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Zabuni za serikali hupita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, lakini usizikimbilie kabla hujaweza kusubiri malipo kwa miezi.

Mteja anadai bei yangu "ina VAT ndani", na mimi sijasajiliwa. (Mkandarasi mdogo, Tanga)

Kama hujasajiliwa, huruhusiwi kutoza VAT wala kuitaja kwenye ankara. Kwa kawaida usajili ni lazima mauzo yakifika milioni 200 ndani ya miezi 12. Ukikaribia hapo, andika kwenye kila makadirio kwamba bei haijajumuisha VAT. Usipoandika, VAT ya asilimia 18 utailipa kutoka kwenye faida yako.