Darasa la saba aling'ara, sasa anasema hawezi shule

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya kata hapa Morogoro. Darasa la saba alikuwa kwenye watatu bora. Sasa Biolojia ana 22, Historia ndiyo usiseme. Akirudi anatupa begi kitandani: "Mama, mimi shule siiwezi." Baba yake anasema ni uvivu na simu. Nimemlipia tuisheni, nimemchapa, nimemwahidi baiskeli. Mtihani wa taifa ni mwisho wa mwaka. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Kabla hatujamwita mvivu, leo jioni kaa naye, afunge daftari la Biolojia, akueleze kwa Kiswahili walichosoma jana. Usimsahihishe, msikilize tu.

Nimewafanyia hivyo wanafunzi wengi ninaowapa unasihi, na kuna mmoja simsahau. Daftari lake lilikuwa safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, ukurasa mzima umeandikwa juu ya digestion. Nikamuuliza ni nini hiyo. Kimya. Nikamwambia ni mmeng'enyo wa chakula. Akainua uso: "Kumbe ndiyo hiyo?" Akaanza kunieleza mwenyewe, mdomoni, mate, tumboni, utumbo mwembamba, vilevile alivyofundishwa shule ya msingi. Muda wote huo alikuwa ananakili ubaoni jambo analolijua, asijue kwamba analijua.

Watoto wetu wanasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mtoto aliyezoea kunyoosha mkono anaogopa kuchekwa, ananyamaza, na baada ya mwaka anaamini kweli hana akili. Kwa mtoto wa namna hiyo fimbo inamthibitishia tu. Baiskeli nayo haimsaidii, maana unamwahidi zawadi kwa matokeo ambayo hajui njia ya kuyafikia.

Kwa hiyo mpe njia. Mnunulie daftari dogo. Kila siku aandike maneno matano ya Kiingereza kutoka somo la siku hiyo, na maana yake kwa Kiswahili. Jumatatu hadi Ijumaa ni maneno 25. Kesho yake umuulize ukiwa unapika, hata kama Kiingereza hukijui, kwa sababu jibu limeandikwa. Kisha afunge daftari la somo na aandike anachokumbuka, ndipo afungue ajisahihishe. Kusoma ukurasa uleule mara nne kunampa mtu hisia kwamba ameelewa. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu. Tuisheni yenu ichunguze kwa kipimo hichohicho: kama anakwenda kunakili notisi nyingine, hela hiyo inapotea.

Usimwambie apate A. D inaanzia 30, naye ana 22: anahitaji alama nane, na alama nane mtoto anaweza kuziona. Akizipata, msifu kwa alichokifanya, "umerudia lile swali mpaka limekubali," wala usimlinganishe na ndugu zake.

Simu ilale chumbani kwenu. Kijana wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi.

Ikiwa hata kwa Kiswahili hana la kueleza, tatizo liko kwingine. Muulize taratibu kama ubao anauona vizuri, kama anashinda njaa, kama kuna anayemwonea njiani au darasani. Hapo nenda kwa mwalimu wa malezi wewe mwenyewe, usimtume na barua.

Baba naye, mwombe awe anauliza yale maneno matano siku mbili kwa wiki. Niandikie baada ya majaribio ya mwezi ujao, uniambie ile 22 imefika ngapi.