Mume ana dalili za dimenshia: asiache kazi kabla ya kupimwa

Dada, umeuliza kama mumeo mwenye miaka 54, aliyekwisha kupewa barua mbili za onyo kazini na ambaye daktari anashuku ana dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu, fikra na tabia, aache kazi mwenyewe ili kulinda heshima yake. Kwa yaliyonipata, nasema asiache, wala asitie sahihi karatasi yoyote ya mwajiri ambayo hujaisoma.

Mume wangu alianza kubadilika akiwa na miaka 51. Hakuwa akisahau majina. Alikuwa akiropoka mikutanoni na kuacha hesabu nusunusu, kwa hiyo wakubwa wake waliona uzembe, na mimi, nakiri, niliona kiburi. Dimenshia inayoanza kabla ya miaka 65 huweza kuja hivyo, hasa ile inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, na ndiyo maana wengine hupoteza kazi kabla ugonjwa haujapata jina. Yeye aliacha kazi miezi saba kabla ya kupimwa. Bima ya ulemavu ya pale kazini ilimlinda tu mtu aliyekuwa bado mwajiriwa ulemavu ulipoanza, na barua yake ilisema anaondoka kwa hiari.

Tuliokolewa na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, aliyeandika tangu lini dalili zilianza, akitumia barua zilezile za onyo nilizokuwa nataka kuzichoma. Zitunze za mumeo. Aombe likizo ya ugonjwa vipimo vikiendelea, na taarifa ya daktari ieleze ni kazi zipi hawezi tena kuzifanya na tangu lini, kwani jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Hati ya uwakala, yaani ya kukupa mamlaka ya kuamua na kusaini kwa niaba yake, nayo haisubiri, kwa kuwa ni lazima aitie sahihi angali anaelewa anachokisaini. Akishapita hapo, mtaishia mahakamani kuomba mamlaka hayo. Mwanasheria ahakikishe kwamba inataja mafao ya uzeeni na kwamba haitakoma mumeo akipoteza uwezo wa kuamua.

Kuhusu pensheni, kabla ya kuchagua ulizeni mjane atabaki na nini, maana malipo makubwa zaidi ya mwezi huenda yakakoma siku mpokeaji anapofariki. Mkupuo, yaani kulipwa fedha zote kwa mara moja, niliuogopa: wangu alikwisha kuahidi fedha kwa watu watatu kabla hata hazijaingia benki.

Nawe usiharakishe kuacha kazi yako ili umuuguze. Mimi niliomba kupunguziwa saa, na leo bima ya matibabu ya familia nzima inapitia kwenye ajira yangu.