Mwanangu, jibu la swali lako la kurudi gereji

Marahaba baba. Meseji yako ya jumapili usiku nimeisoma kama mara tano hivi, mama yako nimemsomea pia, na kama mpaka leo jumatano nilikua sijajibu sio kwamba nimenuna, hapana, nilikua natafuta pa kuanzia. Umeniuliza, "Baba nikirudi gereji nitakua mwanao au fundi wako? Maana watu watasema nabebwa, na wewe ukinikosoa sitajua anaeongea ni baba au bosi." Swali hili lina haki ya kujibiwa vizuri, kwahiyo naandika ndefu, usome ukiwa umeshanawa mikono na umetulia.

Naanza na Sérgio Conceição. Najua utasema baba naye na Conceição wake, lakini kuna kitu sikuwahi kukwambia kuhusu yule mtu na sisi wawili, vumilia kidogo.

We unamjua kama kocha, yule aliyekua Porto ya Ureno akifoka pembeni ya uwanja. Mi namjua tangu tarehe 20 Juni 2000. Ulikua na miezi minne, unaumwa tumbo kila usiku, mama yako akanambia nenda bana kaangalie mpira nyumba ipumue. Nikaenda banda la video pale Mabatini, wana tivii mbili, na mechi za Euro 2000, kombe la mataifa ya Ulaya, zilikua zinachezwa muda mmoja, England na Romania kwenye tivii kubwa, Ureno na Ujerumani kwenye kale kadogo ka pembeni. Watu wote wamejazana kwa England, kwenye kadogo tulikua watu sita tu. Ureno walishafuzu, walikua wamemfunga England 3-2 na Romania 1-0, kwahiyo kocha wao Humberto Coelho akapumzisha karibu timu nzima, Figo nje, Rui Costa nje, akaingiza wa benchi. Ujerumani ndo bingwa mtetezi na golini kasimama Oliver Kahn. Sasa huyo winga wa kulia wa benchi, Conceição, akapiga la kwanza kwa kichwa, la pili shuti la mbali likapita chini ya Kahn kama sabuni, la tatu akamaliza kazi, 3-0, zote zake. Ilivofika goli la tatu watu wameanza kuhama tivii kubwa wanakuja kwetu. Nilirudi nyumbani saa sita nikakubeba nikakusimulia mechi yote mpaka ukalala.

Baadae ndo nikaanza kumfuatilia ni nani. Kazaliwa 1974 Coimbra, familia kubwa na hawana kitu. Ana miaka 16 akaingia Porto, na wakati huohuo ndo kaanza maisha, baba yake akafa kwa ajali ya pikipiki. Miaka miwili mbele mama yake nae akafariki. Yani kijana wa miaka 18 hana baba hana mama, anapelekwa kwa mkopo huku na kule, Penafiel, Leça, Felgueiras, mpaka Porto wakamrudisha akachukua ubingwa mara mbili mfululizo, akaenda Lazio 1998, na mwezi mmoja kabla ya yale magoli matatu alikua ametoka kuchukua ubingwa wa Italia. Baada ya hapo Parma, Inter, Lazio tena, Porto tena, Standard Liège ya Ubelgiji ambako alipewa Kiatu cha Dhahabu cha 2005, yani tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, kisha Kuwait kidogo, akamalizia PAOK ya Ugiriki. Hukohuko Ubelgiji 2006 alimtemea mate mchezaji wa timu pinzani alafu akavua jezi akamrushia refa, akafungiwa miezi kadhaa. Hilo nalo nalisema kwasababu huwezi kumsimulia mtu ukaacha nusu, na mimi kosa langu kubwa kwako lilianzia hapohapo, kuchukua nusu ya mtu.

Nusu niliyochukua mimi ni ukali wake. Alivoanza ukocha, Olhanense, Académica, Braga, Guimarães, kila sehemu ni yuleyule, anakimbiza watu mazoezini, hana mswalie mtume. Porto 2017 alimkuta golikipa Iker Casillas, bingwa wa dunia, mtu mwenye kila kombe, na mwezi wa kumi wanaenda kucheza na Leipzig kwenye Ligi ya Mabingwa akamweka benchi, akamchezesha José Sá kijana. Mi nilipenda sana ile. Nikaja gereji kesho yake nikawaambia vijana wote mmeona, hapa hakuna jina, hapa kuna kazi, na wewe ulikua umesimama palepale na ovaroli lako jipya, ndo kwanza umemaliza shule. Nikajiona na mimi ni Conceição.

Alafu ikaja ile Noah.

Najua unaikumbuka kuliko mimi. Ulibadilisha oili, nati ya sampu ukaikaza kwa mkono tu ukitaka uirudie na spana, mara mteja mwingine akakuita, mwenye Noah akalipa akaondoka. Kufika Usagara oili yote iko barabarani, injini ikanoki. Akarudi na breakdown, na mimi mbele ya yule mteja, mbele ya vijana watatu wanaojifunza, mbele ya mama ntilie na watoto wake, nikakwambia uvue ovaroli. Ukavua. Ukasimama na singlendi palepale kwenye jua nikaendelea kuongea, sijui niliongea dakika ngapi. Injini nililipa mimi, ni kweli, na kwa miaka yote hii nimekua nikijitetea kwa hilo, kwamba nililipa. Lakini fundi mwingine yeyote angefanya lile kosa ningemwita pembeni. Wewe nilikuvua nguo mbele za watu kwasababu wewe ni mwanangu, nilitaka waone kwamba sikubebi. Nisamehe baba. Nimechelewa kulisema miaka mingi, nalisema leo kwa maandishi ulihifadhi.

Ile nusu nyingine ya Conceição sikuiona mpaka ulipoondoka kwenda Dodoma. Nilikua nakaa peke yangu jioni ndo nikaanza kuwaza vizuri. Casillas yule, kabla msimu haujaisha alirudi golini, wakabeba ubingwa pamoja. Na ule ubingwa wa 2018 aliupataje? Porto hawakua na hela, UEFA walikua wamewabana kwa mambo ya matumizi, hawezi kununua watu. Akaingia stoo. Marega alikua katolewa kwa mkopo Guimarães, mashabiki hawamtaki kabisa, akamrudisha. Aboubakar yuko Uturuki kwa mkopo, akamrudisha. Ricardo Pereira yuko Nice, akamrudisha. We ni fundi unanielewa, hizo ni spea zilizotupwa kwenye pipa, mtu mwingine anapita anaona chuma chakavu, yeye akazipiga brashi akazifunga gari likawaka, pointi 88, Benfica wakakosa ubingwa wa tano mfululizo waliokua wanautaka. Mtu mkali tu hafanyi hivo. Mtu mkali tu anabaki na pipa lake.

Sasa hapa ndo kwenye swali lako. Ana watoto wa kiume watano, na wawili wamepita mikononi mwake palepale Porto, Rodrigo na Francisco. Francisco alipandishwa timu kubwa 2021, miaka 18, winga wa kulia kama baba yake ila yeye mguu wa kushoto, kafupi, kanachambua watu. Kila akiingia maneno yale unayoyaogopa wewe yanasemwa, mtoto wa kocha. Januari 2022 Porto wako ugenini Estoril, wamepigwa 2-0, wakarudisha zote mbili, dakika za mwishoni kabisa Francisco akaingiza la tatu. Goli kama lile halina ukoo, liko wavuni tu. Lakini msimu ule mara nyingi alikua anatokea benchi, na ulivoisha, Porto wamechukua ubingwa kwa pointi 91 rekodi ya ligi yao, mtoto akaondoka. Ajax wakamchukua kwa euro milioni 5.

Ni mwaka huohuo 2022 na wewe uliondoka. Habari ya Francisco nilikua naisoma kwenye simu wiki ileile uliyofunga begi lako, na sikukwambia kitu.

Sijui waliongea nini nyumbani kwao, yale ni ya kwao. Ninachokijua ni kwamba Ajax hakupata nafasi sana, na Agosti 2023 akarudi Porto kwa mkopo, timu ileile, kocha yuleyule, baba yuleyule. Na safari hii akacheza kweli, akaanza mechi kubwa, akaitwa timu ya taifa, Juni 2024 kwenye Euro akaingia dakika za majeruhi akawafunga Czech goli la ushindi. Angalia alivorudi, hakurudi yule mtoto aliyepandishwa, alirudi mtu ambaye ameshakaa mji wa watu bila baba, amekula benchi la mtu baki. Na aliyempokea nae nadhani hakua yuleyule. Hiyo ndo nadhani yangu mimi kama mzazi.

Mwaka huo baba mtu nae akaondoka Porto, uongozi ulibadilika, Villas-Boas alimshinda Pinto da Costa kwenye uchaguzi wa rais wa klabu. Aliacha makombe 11 kwa miaka 7, hakuna kocha wa Porto aliyefika hapo, na la mwisho ni Kombe la Ureno 2024 kwa kumfunga Sporting 2-1. Milan wakamchukua tarehe 30 Disemba 2024. Wiki moja tu, Riyadh, nusu fainali ya Super Cup ya Italia na Juventus, na Juventus ndo timu ya Francisco! Mtoto alikua aanze dhidi ya baba yake, akaumia wakati wa kupasha mwili, hakucheza. Milan wakashinda 2-1 wakitokea nyuma, fainali na Inter wakawa chini 2-0, la pili kafunga Taremi ambaye alikua mchezaji wake Porto, wakarudi 3-2 dakika za nyongeza. Alicheza muziki na sigara mdomoni kule chumbani. Miezi mitano baadae wamemaliza nafasi ya 8, fainali ya Kombe la Italia wamefungwa na Bologna, kazi hana. Oktoba 2025 akaenda Al-Ittihad kule Jeddah. Kazi ya ukocha ni hiyo, na gereji pia, leo una magari kumi kesho unafagia tu.

Lakini nilitaka nifike hapa. Tarehe 4 Juni 2025, Munich, Ureno na Ujerumani tena. Ureno tangu zile tatu za baba mtu alikua hajamfunga Mjerumani, miaka 25, amepigwa 2006, 2008, 2012, 2014 nne bila, 2021 nne mbili. Nipo sebuleni na mama yako. Wirtz akafunga. Dakika ya 58 anaingia Francisco, dakika ya 63 akakokota mpira kutoka kulia, akapiga na ule mguu wake wa kushoto kutoka mbali, kona ya mbali kabisa, wavuni. Ronaldo akaongeza la pili. Mama yako aliona nalia akauliza kuna nini, nikamwambia huyu baba yake nilimwona siku mtoto anaumwa tumbo. Akaelewa mtoto gani, akanambia basi mpigie. Nikachukua simu nikaliangalia jina lako, nikairudisha mezani. Ile simu ningeipiga ile siku.

Kwahiyo jibu langu ni hili. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja we ni fundi, una mshahara wako kila tarehe 30 na tutaandikishana, sio zile za "chukua hii ya soda". Gari ukiligusa ni lako mpaka linatoka, na ukikosea nitakuita ofisini, nafunga mlango. Nikisahau nikakufokea mbele za watu, we weka spana chini uondoke, na jioni mimi ndo nitakufuata. Ukiona haikufai baada ya miezi sita, rudi Dodoma au nenda popote, sitanuna. Na wanaosema unabebwa wataletewa magari yenye matatizo ya umeme ambayo mimi mwenyewe siyawezi, nimekua nikiyapeleka kwa watu, mwezi uliopita matatu. Wewe umesomea hayo huko bila mimi.

Upande wa kulia karibu na geti nimeshahamisha kompresa, pamebaki peupe. Njoo na mashine yako ya kupimia, ya hapa imekufa. Funguo ya stoo nimechonga ya pili, iko kwenye droo ya mama yako.